Riziki ya Fundi Iko Chini ya Kigae

Siku fundi anapokabidhi nyumba, kila sakafu inang'aa. Grauti ni safi, kona zimefutwa vumbi, mwenye nyumba anapiga picha na kuwatumia jamaa walio Nairobi. Ukitaka kujua kama fundi huyo alisomea kazi au aliiokota njiani, rudi baada ya msimu mmoja wa mvua na mmoja wa jua, ukiwa na sarafu ya shilingi 20. Piga magoti, ugonge kigae kimoja baada ya kingine, katikati kisha pembeni. Kigae kilicholazwa vizuri hutoa mlio mfupi na mzito. Kilichoegemezwa juu ya matonge manne ya simiti hulia kama debe tupu. Hicho kitapasuka siku mtu atakapoangusha sufuria au kusukuma friji juu yake, na mwenye nyumba atamlaumu muuza vigae.

Kasoro hiyo ni ya kawaida sana katika nyumba mpya za Homa Bay na Migori, na haitokani na uvivu. Vijana wanaofanya kazi hiyo huamka alfajiri na kurudi nyumbani migongo ikiuma. Tatizo ni kwamba walifundishwa sehemu ya kazi inayoonekana tu: kupanga, kukata, kufuta. Sehemu isiyoonekana, ambayo ndiyo inayobeba sakafu kwa miaka 30, hakuna aliyewaonyesha. Ndiyo maana nashikilia kwamba kozi ya vigae ipimwe kwa kile inachofundisha kabla ya kigae cha kwanza kulazwa. Kipimo hicho kingetumiwa na wazazi, vijana na serikali zetu mbili za kaunti, baadhi ya kozi zinazotangazwa leo zingekosa wanafunzi, na nyingine zisizotangazwa zingejaa.

Soko lipo

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, ujenzi katika eneo hili umebadilika. Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya, Rongo ina chuo kikuu chake, na popote wanafunzi wanapofika nyumba za kupanga hufuata. Mbita na Rusinga zina hoteli zinazotazama ziwa. Zahanati, masoko, benki na makanisa yanataka sakafu inayooshwa kwa maji na sabuni. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ile inayomkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara na kumtoza mwajiri kiasi hicho hicho, imeleta miradi ambayo kila nyumba ndani yake ina bafu na jiko vya kuwekwa vigae.

Kuna soko jingine ambalo halionekani kutoka barabarani, nalo ni nyumba za mashambani. Mtu wa huku anayefanya kazi Nairobi, Mombasa au ng'ambo bado anataka nyumba yake isimame katika boma la kwao, na siku hizi nyumba hiyo haihesabiwi kuwa imekwisha kama sebule na veranda hazina vigae. Mara nyingi kazi hii hufanywa kwa haraka, kwa pesa zinazotumwa kwa simu, mwenyewe akiwa mbali. Familia ikipata harusi au msiba, sakafu iliyokuwa ikingoja miaka miwili hutakiwa ikamilike kwa siku nne. Haraka hiyo huzaa makosa, na fundi asiye na msimamo wa kitaaluma hawezi kuikatalia.

Vigae vyenyewe vimekaribia. Kiwanda cha Twyford kilipoanza uzalishaji Kajiado mwaka 2016, vigae vya kutoka Uchina, India na Hispania vilipata mshindani wa hapa nchini. Leo mtu hahitaji kwenda Kisumu kutafuta vigae vya 40 kwa 40 au 60 kwa 60.

Upande wa pili wa hesabu ni vijana. Katika matokeo ya KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 walipata alama ya C+ na kuendelea, inayofungua mlango wa shahada. Zaidi ya 700,000 walibaki chini ya mstari huo, na maelfu yao wako katika kaunti hizi mbili. Wengine wameingia kwenye boda boda, wengine kwenye uvuvi wa omena, wengine kwenye mashimo ya dhahabu ya Nyatike. Ufundi wa vigae unaweza kuwapa wengi wao maisha, mradi wafundishwe ufundi wenyewe.

Kazi huanza ardhini

Bonde la Lambwe na sehemu za Ndhiwa zina udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ya Machi hadi Mei ikinyesha udongo huo huvimba, jua likikaza husinyaa na kupasuka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha hucheza kila mwaka, na sakafu hucheza nayo. Fundi aliyesoma akikuta ufa kwenye sakafu hauzibi na kusonga mbele. Huuliza kwanza ni ufa wa aina gani. Ule mwembamba unaotawanyika huku na huku mara nyingi umetokana na simiti kukauka haraka, na hautaongezeka. Ule mrefu unaoanzia ukutani, upande mmoja ukiwa juu ya mwingine, ni wa nyumba inayohama. Fundi huweka alama ya kalamu kwenye ncha zake, akaandika tarehe, akarudi baada ya wiki kadhaa. Ufa ukivuka alama, anamwambia mwenye nyumba kwamba vigae havitaponya msingi. Pengine atapoteza kazi ya wiki hiyo, lakini atakuwa amelinda jina lake.

Baada ya ufa ni unyevu. Sakafu mpya ya simiti hupewa siku 28 ipate nguvu yake, na bado yaweza kuwa na maji ndani. Kuna jaribio lisilogharimu chochote: karatasi ya nailoni yenye upana wa nusu mita hubandikwa sakafuni kwa utepe pande zote na kuachwa usiku kucha. Asubuhi, ikiwa kuna matone chini ya nailoni au simiti imebadilika rangi, kazi isubiri. Kisha ni usawa. Ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 2 hulazwa sakafuni na kuzungushwa. Pengo chini yake likizidi milimita 3, sakafu isawazishwe kwanza. Fundi anayetegemea gundi kujaza mashimo humaliza mifuko ya gundi ya mteja, na gundi nene ikikauka husinyaa na kuvuta kigae chini.

Mchanga nao una siri zake. Huku kwetu hutoka mitoni, Kuja na Migori, na ufukweni mwa ziwa, na ubora wake hubadilika kutoka lori moja hadi jingine. Chukua chupa safi, uijaze mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha uiache itulie. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka la rangi tofauti. Tabaka hilo likiwa nene, mchanga huo utatoa plasta inayomomonyoka, na kigae kitang'oka pamoja na plasta iliyokishika. Kijana aliyefanya jaribio hili kwa mikono yake hadanganyiki tena na mchanga unaopendeza macho.

Mafundi wetu wakongwe, wenye ujuzi mkubwa wa uashi, wameponzwa na jambo moja: kigae kimebadilika na mazoea yamebaki. Zamani kigae cha kauri kilikunywa maji. Kililowekwa kwenye ndoo, kikabandikwa kwa uji wa simiti, na simiti ikapenya kwenye vitundu vyake na kukishika. Kigae cha poseleni ni kitu kingine. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 13006, kigae hicho kinyonye maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Kukiloweka ni kupoteza wakati, na uji wa simiti mtupu hauna pa kupenya. Kinahitaji gundi iliyotengenezwa kwa ajili yake, na mgongo wake ufutwe vumbi jeupe la kiwandani ambalo huzuia gundi kushika. Fundi asiyejua tofauti hii anaweza kufuata kila hatua aliyofundishwa na bado vigae vikang'oka.

Kigae kilichong'olewa

Mafunzo mazuri kabisa ya jinsi gundi inavyoshika kigae niliyowahi kuyaona hayakuchukua hata saa moja. Mwanafunzi alikuwa amelaza kigae chake cha kwanza cha 60 kwa 60. Aliweka pima maji juu yake, kapovu kakasimama katikati, akainua uso akitabasamu. Mwalimu akamwambia akitoe.

"Mwalimu, si kimekaa sawa?"

"Kimekaa, mwanangu. Hakijashika."

Mwanafunzi alikibandua polepole kwa ncha ya mwiko, akakigeuza. Mistari ya gundi aliyoichana kwa mwiko wa meno ilikuwa bado imesimama jinsi ilivyokuwa, na pembe mbili za kigae zilikuwa kavu kabisa. Darasa zima lilisogea kuangalia. Viwango vya Marekani vinavyofuatwa na mafundi wengi duniani vinataka gundi iguse angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae mahali pakavu, na asilimia 95 bafuni na nje. Pale ilikuwa imegusa pengine nusu.

Kisha mwalimu alionyesha. Alipaka gundi sakafuni kwa upande laini wa mwiko, akiibana iingie kwenye simiti. Akaichana kwa upande wa meno, mistari yote ikielekea upande mmoja. Akapaka tabaka jembamba mgongoni mwa kigae, akakilaza, akakisukuma mbele na nyuma kwa kukatiza mistari ile, ili iangukiane na kutoa hewa iliyonaswa katikati. Alipokitoa, mgongo wote ulikuwa umefunikwa. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wa darasa lile alitakiwa ang'oe kigae kimoja katika kila safu aliyoilaza, mbele ya wenzake.

Mwalimu aliongeza jambo moja linalohusu mahali petu hasa. Gundi ya kawaida hubaki na uwezo wa kushika kwa takriban dakika 20 baada ya kuchanwa. Karibu na ziwa, jua la saa nane likishirikiana na upepo unaoingia madirishani ambayo bado hayana vioo, muda huo hupungua. Juu ya gundi huota utando ambao jicho halioni. Dawa yake ni kidole: gusa gundi, na ikiwa haikubaki kidoleni, ikwangue uanze upya. Paka gundi kwa eneo la vigae vitatu au vinne tu, ziba madirisha kwa turubai, na sehemu inayopigwa na jua uifanye asubuhi.

Hesabu ya chumba

Vijana wengi huniambia walichagua ufundi kwa sababu hesabu iliwashinda shuleni. Nawajibu kwamba hesabu ya fundi wa vigae inashikika kwa mkono, na wengi wao huielewa kwa siku mbili. Chukua sebule ya mita 4 kwa 5. Eneo ni mita mraba 20. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa na vitakavyovunjika, zinakuwa 22. Katoni ya vigae vinne vya 60 kwa 60 hufunika mita mraba 1.44. Gawanya, upate 15.3, kwa hiyo nunua katoni 16, zote za namba moja ya uzalishaji, kwa sababu rangi hutofautiana kidogo kutoka fungu moja hadi jingine. Fundi anayekisia husema 14, na katoni mbili za mwisho zikija wiki inayofuata zina weupe mwingine.

Kisha mpangilio. Ukianza na kigae kizima ukutani katika upana ule wa mita 4, vitaingia sita, na ukihesabu nafasi za grauti, upande wa pili utabaki na kipande cha sentimita 38. Mgeni akiingia ataona sakafu imeegemea upande mmoja. Ukiweka kigae kimoja katikati ya mstari wa kati wa chumba, vizima vitakuwa vitano, na kila ukuta utapata kipande cha sentimita 49. Vigae ni vilevile, bei ni ileile, na chumba kimetulia. Mstari wa pili huchorwa kwa kanuni ya 3, 4, 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande mwingine, na ikiwa mshazari ni mita 5 kamili, pembe ni mraba. Kuta zetu nyingi haziko mraba. Anayefuata ukuta badala ya mstari hugundua kosa lake akiwa amefika mlangoni, ambapo kila mtu ataliona.

Hesabu hiyo hiyo huokoa kumbi kubwa. Sakafu ya kanisa ikipata joto hutanuka, na vigae vilivyobanwa kutoka ukuta hadi ukuta bila nafasi ya kupumua huinuka na kupasuka kwa kishindo. Ndani ya jengo inafaa kuacha kiungo laini cha kutanukia kila baada ya mita 6 hadi 7.5 hivi, na mahali panapopigwa na jua kila mita 2.5 hadi 3.5. Bafuni sakafu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Haya yote huamuliwa kwa penseli na uzi kabla ya mfuko wa gundi kufunguliwa.

Njia za kusomea, na karatasi zake

Kijana wa Homa Bay au Migori ana njia kadhaa. Ya kwanza ni vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, vilivyokuwa vikiitwa polytechnic za vijiji. Vilianza miaka ya 1960, baada ya makanisa nchini kutoa ripoti ya 1966 iliyouliza mtoto aliyemaliza shule ya msingi aende wapi. Katiba ya 2010 iliviweka mikononi mwa kaunti. Huko vigae kwa kawaida hufundishwa ndani ya somo la uashi, na hilo lina faida, kwa sababu mwanafunzi hujua plasta na simiti kabla ya kugusa kigae. Juu yavyo kuna taasisi za kitaifa kama Mawego huko Karachuonyo na Siala huko Rongo. Mitaala ya sasa ya umahiri, inayotungwa na kutahiniwa na baraza la TVET CDACC, imepangwa kwa ngazi, na ngazi za chini hazimfungii mlango aliyepata D au E.

Njia ya pili ni kwa fundi. Eneo hili linajua uzito wa elimu ya mkono kwa mkono. Kuta za Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, zimesimama kwa karne kadhaa bila tone la simiti, kwa sababu wajenzi wake walijua jiwe lipi likae wapi. Mwanagenzi aliyekaa mwaka mzima na fundi mzuri atajua mambo ambayo hakuna karakana inayoweza kuyaiga: mteja anayebadilisha mawazo, fundi bomba aliyepitisha paipu mahali pasipofaa, lori la mchanga mbaya. Udhaifu wa njia hii ni kwamba fundi hufundisha analolijua pamoja na makosa yake, na mwanagenzi huweza kubeba ndoo miezi sita bila kushika mwiko. Kabla ya kumkabidhi mtoto, mzazi akubaliane na fundi kwa maandishi mwanagenzi atafundishwa nini na kufikia lini.

Njia ya tatu ni kozi fupi za binafsi za wiki chache, zinazouzwa kwa picha za sakafu zinazong'aa. Baadhi ni nzuri kwa mtu ambaye tayari ni mwashi. Kwa asiyejua kitu, wiki tatu hutosha kumfundisha kukata na kupanga, na kumpa ujasiri wa kuharibu nyumba ya mtu.

Kwa maoni yangu njia bora ni mbili za kwanza zikiunganishwa: miezi darasani na karakanani, kisha miezi chini ya fundi, kisha mtihani. Mtihani upo. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani yenye kituo Kisumu, hutahini mafundi kuanzia Daraja la Tatu hadi la Kwanza, na anayejifunzia kwenye mjengo anaruhusiwa kuufanya bila kupita chuoni. Serikali pia imeanzisha utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mradi wa vijana wa NYOTA unaofadhiliwa na Benki ya Dunia umeufanya kuwa sehemu ya kazi zake. Kwa upande wa ajira, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, huidhinisha mafundi stadi na kuwapa kadi, na kontrakta anayefuata sheria atauliza kadi hiyo. Fundi wa miaka 15 asiye na karatasi anapaswa kulichukulia suala hili kwa uzito mwaka huu, kwa sababu kijana wa miaka 22 mwenye kadi atapewa kazi ya serikali na yeye aajiriwe kumsaidia.

Ujerumani imetuachia somo katika jambo hili. Mwaka 2004 nchi hiyo iliondoa sharti kwamba anayefungua biashara ya vigae awe amefuzu kama fundi mkuu. Biashara za vigae zikaongezeka kwa kasi, nyingi zikiwa za mtu mmoja asiye na mwanagenzi, na idadi ya waliokuwa wakifunzwa ikashuka. Mwaka 2020 sharti hilo lilirudishwa kwa fani 12, vigae ikiwa mojawapo. Nchi tajiri yenye mila ndefu ya ufundi iligundua kwamba ukilegeza mafunzo unaharibu kazi ya leo na kukosa mafundi wa kesho. Sisi hatuna haja ya kulipia somo hilo mara ya pili.

Nani aitwe darasani

Katika boma la Kijaluo, sakafu ilikuwa kazi ya mwanamke. Ndiye aliyechagua udongo, akaukanda pamoja na samadi ya ng'ombe, akalowesha ardhi kiasi, akasiriba kwa kiganja hadi uso ukawa laini, akaziba nyufa kabla mvua haijafika. Maandalizi ya sehemu ya chini, uwiano wa mchanganyiko na muda wa kukausha ni elimu aliyokuwa nayo bibi yako. Simiti ilipokuja, kazi hiyo ilihamia kwa wanaume, na leo wasichana wengi katika vituo vyetu huelekezwa kwenye ushonaji na ususi hata kabla hawajaulizwa wanataka nini. Kigae kinahitaji subira, jicho la mstari na mkono uliotulia. Ningependa kila kituo kiwapeleke wasichana wapya kwenye karakana ya uashi kwa wiki moja kabla ya kuchagua fani.

Kaunti ya Homa Bay ina pia Sikri, taasisi ya kiufundi ya viziwi na wasioona. Ufundi huu hufundishwa kwa macho na mikono, kwa hiyo kiziwi anayeonyeshwa vizuri hajapungukiwa na chochote. Anachokosa mara nyingi ni kontrakta wa kumpa nafasi ya kwanza.

Wote hao wafundishwe kulinda miili yao tangu siku ya kwanza. Vumbi linaloruka grainda inapokata kigae kikavu lina silika, ambayo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliitambua mwaka 1997 kuwa husababisha saratani. Vumbi hilo pia huziba na kukausha mapafu pole pole. Kata kwa maji, vaa barakoa, vaa pedi za magoti. Fundi anayeanza akiwa na miaka 20 atahitaji mapafu na magoti hayo akiwa na miaka 50.

Pesa ya fundi na wajibu wa kaunti

Kozi isiyofundisha kupanga bei humtoa mwanafunzi akiwa mtaalamu maskini. Mafundi wengi hutaja bei ya kulaza kwa mita mraba, basi. Kusawazisha sakafu, kubomoa vigae vya zamani, ngazi, vipande vidogo vya bafuni na usafiri vinakuwa msaada kwa mteja. Mwanafunzi afundishwe kuandika makadirio yenye mistari inayojitegemea: maandalizi, kulaza, grauti, ngazi. Mteja akiona mstari wa maandalizi na maelezo yake, ataelewa kwa nini fundi huyu ni ghali kuliko jirani yake. Pesa za vifaa zisichanganywe na za kazi, na malipo yafuate hatua zilizokamilika. Mteja aliye Nairobi atumiwe picha ya sakafu kabla ya vigae, ikiwa na ubao wa mita 2 juu yake. Picha hiyo itamletea fundi kazi nyingi zaidi kuliko picha ya mwisho.

Serikali za kaunti zina zana tayari. Vituo vingi hulalamika kwamba vigae vya mazoezi ni ghali. Suluhisho ni la kale: wanafunzi walaze kwa chokaa na mchanga bila simiti, kisha wang'oe, waoshe na kuvitumia tena muhula mzima, na gundi halisi itumike kwa somo la mshiko na kwa mtihani. Zaidi ya hayo, kila mkataba wa kaunti wa kujenga zahanati, soko au darasa la chekechea uwe na kifungu kinachomtaka kontrakta kuchukua wanagenzi kutoka kituo cha karibu. Utaratibu wa AGPO unatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kikundi cha wahitimu watano wenye kadi kinaweza kuomba kazi ya vyoo vya soko bila kupitia kwa dalali. Waajiri nao hulipa NITA ushuru wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Pesa hizo zipo kwa ajili ya mafunzo, na wahimizwe kuzidai zitumike hivyo.

Kwa mzazi na kijana wanaotafuta nafasi muhula ujao, ombi langu ni dogo. Msiridhike na brosha. Nendeni karakanani siku ya kazi. Tazameni kama kuna ubao wa mita 2, pima maji, mwiko wa meno na chupa ya kupimia mchanga. Ulizeni mwanafunzi wa muhula wa pili kwa nini poseleni hailowekwi. Ulizeni mkufunzi ana uhusiano gani na mafundi wa nje na wahitimu wake walifanya mtihani gani. Kisha mwombeni mwanafunzi mmoja ang'oe kigae alichokilaza asubuhi hiyo, akigeuze mgongo juu. Kituo kinachokubali kufanya hivyo mbele ya mgeni kinastahili karo yenu. Kinachokataa bado hakijaanza kufundisha.